Jibu Moja, Alama Moja: Mwongozo kwa Mwalimu Anayesahihisha Mtihani wa Pamoja Karagwe na Kyerwa

Barua ya Afisa Elimu Kata imekufikia: uripoti kituoni Jumatatu na kalamu nyekundu, mtasahihisha mtihani wa ujirani mwema wa Darasa la Saba, au moko ya Kidato cha Nne. Kabla hujauliza mambo ya nauli na posho, jiulize hili. Mtoto aliyefanyia mtihani Murongo, mpakani na Uganda, na mwenzake aliyefanyia Kayanga wakiandika jibu lilelile, watapata alama ileile? Ikiwa jibu linategemea karatasi imeangukia meza ya nani, kazi yenu imeharibika kabla haijaanza, hata mkisahihisha usiku kucha.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kawaida wa msingi au sekondari anayekaa kwenye meza ya kusahihisha, na wa mwalimu wa taaluma anayesimamia kituo. Hauhitaji kompyuta. Unahitaji nakala chache za karatasi, ubao, na nidhamu.

Kwa nini walimu wawili wazuri hutofautiana

Tofauti nyingi za alama hazitokani na upendeleo wala uvivu. Zinatokana na walimu waaminifu, kila mmoja akipima kwa kipimo chake. Mkulima wa Ihembe au Nkwenda hakubali kahawa yake ipimwe kwenye mizani ambayo Wakala wa Vipimo hajaikagua, hata kama karani wa chama cha msingi ni ndugu yake. Msahihishaji naye ni mizani, na mizani hukaguliwa kabla ya mzigo kupandishwa.

Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1912 na 1913 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, waliwapelekea walimu wa sekondari zaidi ya mia moja nakala za karatasi ileile waisahihishe. Kwenye Kiingereza alama zilitawanyika sana. Watu wakasema lugha ndivyo ilivyo, wajaribu somo la namba. Wakajaribu jiometri, na mtawanyiko ukawa mkubwa zaidi: karatasi moja ilipewa chini ya 30 na mwalimu mmoja, zaidi ya 90 na mwingine. Wengine walihesabu jibu la mwisho tu, wengine walihesabu njia, wengine walikata alama kwa uchafu wa kazi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, ila hakuna aliyekuwa amekubaliana na mwenzake.

Ukiwa mezani, angalia hasa mambo haya yanayoisogeza kalamu bila wewe kujua:

- Mwandiko. Karatasi safi inasomeka kwa moyo mweupe, na iliyofutwafutwa inasomeka kwa kinyongo.
- Karatasi iliyotangulia. Jibu la wastani likifuata majibu matano mabovu huonekana bora kuliko lilivyo.
- Swali lililotangulia. Mtoto akifanya vizuri swali la 1, unaanza kumsaidia kwenye swali la 2: "huyu alimaanisha hivi."
- Saa. Alama za asubuhi na za saa kumi jioni, njaa ikiuma, hazilingani.
- Kumjua mtoto, au kuijua shule. Jina la shule ya misheni yenye sifa linatosha kukutayarisha kuona jibu zuri.

Hatua zinazofuata zote zimetungwa kuzuia haya. Zile zinazoonekana kupoteza muda ndizo zinazozuia zaidi.

Hatua ya kwanza: tengenezeni mwongozo wa kusahihisha unaojibu maswali magumu

Mtunga mtihani huleta majibu yake, na vituo vingi huchukua karatasi ile kana kwamba kazi imekwisha. Haijaisha. Majibu ya mtunzi yanaeleza alichokifikiria yeye. Mwongozo wa kusahihisha unaeleza mtafanya nini mtoto akiandika kitu ambacho mtunzi hakukifikiria.

Chukua swali la Maarifa ya Jamii linaloonekana halina utata: *Taja hifadhi mbili za taifa zilizopo mkoa wa Kagera. (alama 2)*. Mtunzi ameandika: Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa. Sasa fungua karatasi za watoto.

> KISANDUKU CHA 1: Swali moja, majibu sita
>
> *a) "Burigi-Chato na Ibanda-Kyerwa."* Burigi-Chato haimo kwenye majibu ya mtunzi, lakini sehemu yake iko Kagera na sehemu Geita. Ni sahihi. Iongezwe kwenye mwongozo: 2.
>
> *b) "Rumanyika na Ibanda."* Majina yamekatwa nusu, ila hakuna hifadhi nyingine mkoani yenye majina hayo: 2.
>
> *c) "Rumanyika-Orugundu na Ibanda."* Mtoto ametumia jina la zamani, la wakati Rumanyika ilipokuwa pori la akiba. Ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Jopo la wasahihishaji liamue. Mimi ningempa 2, kwa sababu swali linapima kama anaifahamu hifadhi, na babu yake bado anaiita hivyo.
>
> *d) "Serengeti, Ibanda, Rumanyika, Mikumi."* Ameulizwa mbili, ameandika nne. Husahihishwa mbili za mwanzo tu: Serengeti kosa, Ibanda sahihi: 1. Ukimtafutia zilizo sahihi kwenye orodha ndefu, unamzawadia anayebahatisha na kumwadhibu aliyetii swali.
>
> *e) "Karagwe na Kyerwa."* Hizo ni wilaya. Hapa jopo litabishana, na libishane sasa, kabla karatasi 600 hazijapita. Ninashauri 0.
>
> *f) "Ibanda-Kyerwa na Ibanda."* Kitu kimoja mara mbili: 1.

Tuseme walimu sita wamegawana karatasi hizo bila kuzungumza. Jibu (c) lingepata 2 kwa mmoja na 1 kwa mwingine, na jibu (d) lingepata 0, 1 au 2. Hapo tumezungumzia swali la alama 2 tu.

Namna ya kuutengeneza mwongozo:

1. Kila mwanajopo ajibu mtihani mzima mwenyewe kabla ya kuona majibu ya mtunzi. Swali lenye kosa hujulikana hapa, mapema.
2. Linganisheni majibu yenu na ya mtunzi. Panapotofautiana, swali lina mlango wa pili. Andikeni majibu yote yanayokubalika.
3. Fungueni karatasi kama 20 kutoka shule tofauti, za mjini na za vijijini. Msisahihishe. Someni tu, mkikusanya majibu ambayo hamkuyategemea.
4. Kwa kila jibu la ajabu, amueni alama na muandike sababu kwa sentensi moja.
5. Swali likiwa bovu kabisa, kama lina majibu mawili sahihi ya kuchagua au haliwezi kujibiwa, amueni mara moja kwa wote: lifutwe na jumla ipangwe upya, au majibu yote mawili yakubaliwe. Asiwepo mwalimu wa kuamua peke yake kwenye meza yake.

Maswali ya kuchagua hayahitaji maneno mengi. Mtoto akichagua herufi mbili ni sifuri. Akikata moja kwa uwazi na kuandika nyingine, iliyobaki ndiyo jibu. Mwisho, kagueni ufunguo wa majibu mara mbili, maana herufi moja iliyokosewa kwenye ufunguo humuumiza kila mtoto wa wilaya.

Hatua ya pili: sahihisheni kwa majaribio kabla ya kazi yenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na nikilazimika kuchagua moja tu ya kubaki, ningeiacha hii ibaki. Itakula asubuhi ya kwanza nzima. Ikubali.

1. Kiongozi wa jopo achague karatasi tano: nzuri, ya wastani, dhaifu, moja yenye mwandiko mbaya na hoja nzuri, na moja yenye majibu yasiyo ya kawaida. Afunike namba na jina la shule.
2. Zipigwe kopi za kumtosha kila msahihishaji. Stesheneri zipo Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Umeme ukikatika, karatasi zizunguke mezani, kila mmoja akiandika alama zake kwenye kipande chake bila kugusa karatasi ya mtoto.
3. Kila mtu asahihishe peke yake, kimya.
4. Alama zote ziandikwe ubaoni, swali kwa swali. Insha ya alama 15 inaweza kuonyesha 9, 11, 11, 6, 13. Msishtuke. Mngeshtuka zaidi kama mngeligundua siku ya kutoa matokeo.
5. Aliyetoa 6 na aliyetoa 13 waeleze kwanza, wakionyesha mstari kwa mstari walichokihesabu. Mwenye miaka mingi kazini aseme mwisho. Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa, na mwalimu wa ajira mpya hawezi kumpinga hadharani aliyemfundisha. Mkubwa akianza, mjadala umekwisha.
6. Msichukue wastani. Wastani wa 6 na 13 hauwafundishi chochote mwenye 6 wala mwenye 13. Kubalianeni jibu linastahili nini na kwa sababu gani, kisha muiandike sababu hiyo kwenye nakala ya kila mmoja.
7. Rudieni na karatasi nyingine mbili. Ruhusa ya kuanza itoke pale maswali mafupi yanapolingana kabisa, na insha zinapotofautiana kwa alama 1, si zaidi.

Vipi kama uko peke yako? Sekondari nyingi za kata zina mwalimu mmoja tu wa Fizikia, na hakuna wa kubishana naye. Fanya mambo mawili. Mpigie mwalimu wa Fizikia wa shule jirani, mtumie kwa WhatsApp picha za majibu matano, majina yakiwa yamefunikwa, naye akutumie yake. Kila mmoja asahihishe bila kujua mwenzake ametoa ngapi. Kisha, baada ya siku mbili, chukua karatasi kumi ulizokwisha kusahihisha, funika alama, sahihisha upya. Ukijikuta umejipinga mwenyewe, mwongozo wako bado haujakaa sawa.

Hisabati: kosa liadhibiwe mara moja

Swali: *Mkulima wa Nkwenda aliuza kilo 36 za kahawa ya maganda kwa shilingi 1,450 kwa kilo. Akanunua madaftari 12 kwa shilingi 800 kila moja. Alibakiwa na shilingi ngapi? Onyesha njia. (alama 5)*

Mwongozo dhaifu unasema: 42,600, alama 5. Mwongozo unaofaa unagawa:

- Kuonyesha 36 × 1,450: alama 1
- Kupata 52,200: alama 1
- Kupata 9,600 kwa madaftari: alama 1
- Kutoa cha pili katika cha kwanza: alama 1
- Jibu 42,600: alama 1

Mtoto mmoja amezidisha akapata 51,200. Amepata 9,600 vizuri, akatoa, akaandika 41,600. Mwalimu mkali atampa 2, na yule wa jibu la mwisho atampa 0. Kwa kanuni ya kosa kuadhibiwa mara moja anapata 4: amepoteza alama ya 52,200 tu, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka sawasawa kwenye namba aliyokuwa nayo. Hiyo ndiyo alama inayoeleza ukweli wake. Anajua afanye nini, ila aliteleza kwenye kubeba.

Huruma hiyo ina mpaka wake. Mtoto aliyesahau madaftari kabisa na kuishia 52,200 haingii kwenye kanuni hiyo. Ameruka nusu ya swali, kwa hiyo anapata 2. Na aliyefika kwa njia ambayo hukuifundisha, mathalani aliyezidisha 1,450 kwa 30 kisha kwa 6 na kujumlisha, anapata zote.

Jibu tupu bila njia je? Swali likiwa limedai njia, mpe alama ya jibu peke yake. Kama halikudai, mpe zote. Amueni kwa kusoma maneno ya swali, bila kuingiza dhana kwamba alinakili kwa jirani.

Insha: hesabu hoja, usihesabu kurasa

Kwa insha za sekondari za alama 15, mgawanyo uliozoeleka ni utangulizi alama 1½, hoja sita kwa alama 2 kila moja, na hitimisho 1½. Mgawanyo huo unasaidia, lakini ugomvi wote huhamia kwenye neno "hoja".

Chukua swali la Historia: *Eleza sababu sita zilizoupa ufalme wa Karagwe nguvu katika karne ya 19.* Haya ndiyo yatakayowagawa:

*Hoja pacha.* Mtahiniwa ameandika "biashara na Waarabu", na chini yake "biashara ya pembe za ndovu". Je, ni mbili? Msahihishaji ajiulize kama maelezo yanabeba jambo jipya. Kama ya kwanza inaeleza wafanyabiashara waliojenga kituo chao Kafuro, na ya pili inarudia walichokuja kununua, hiyo ni hoja moja. Andika alama kwenye ya kwanza, na kwenye ya pili andika "imerudiwa" ili mhakiki aone ulichofanya.

*Ukweli usiojibu swali.* "Wapelelezi Speke na Grant walifika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861." Ni kweli tupu, na mwanafunzi amesoma. Lakini haielezi nguvu za ufalme zilitoka wapi, kwa hiyo ni sifuri. Walimu wa Historia hupata shida kuiandika sifuri hii, hasa mtoto akiwa wa hapahapa na amekumbuka jambo la kwao. Ielezeni mapema kwenye mwongozo, isibaki ya moyo wa mtu mmoja.

*Kutaja bila kueleza.* "Uhunzi wa chuma." Maneno matatu. Swali limesema *eleza*: alama 1 kwa kutaja, na ya pili ipatikane kwa sentensi inayoonyesha chuma kilileta nguvu kwa njia gani.

*Hoja ya saba.* Mtahiniwa ameandika nane. Husahihishwa sita za mwanzo, kama tulivyokubaliana kwenye hifadhi za taifa. Baadhi ya majopo husoma zote na kuchukua sita bora. Sipendelei njia hiyo, lakini kama jopo lako limeichagua, itumike kwa kila mtahiniwa.

Tia tiki pale hoja ilipo na uandike alama pembeni. Karatasi yenye "9" juu ya ukurasa bila alama yoyote ndani haiwezi kuhakikiwa na mtu yeyote, hata wewe mwenyewe wiki ijayo.

Lugha: amueni l na r mapema

Watoto wetu wengi wamekua na Runyambo nyumbani, ambamo l na r hazitengani kama katika Kiswahili. Utakutana na "mkurima", "kirimo" na "karamu ya kuandikia", na kwa waliokwisha kukemewa sana utakutana na kinyume chake: "balabala", "baluwa". Mwalimu aliyetoka Dodoma au Mbeya atakata alama kila mstari. Mwenyeji hata hataona.

Kanuni ninayoipendekeza kwa jopo:

- Kwenye Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, na Uraia na Maadili, kosa la tahajia lisikate alama maadamu neno linaeleweka na halijawa jina la kitu kingine ndani ya somo hilo.
- Kwenye Kiswahili, pale swali linapopima uandishi, tahajia ikatwe. Neno moja likirudiwa mara tano kwa kosa lilelile, likatwe mara moja.
- Kwa sekondari, majibu ya Kiingereza yenye sarufi mbovu lakini hoja iliyokaa yapewe alama za hoja, isipokuwa kwenye somo la Kiingereza lenyewe. Istilahi za kisayansi zinazofanana na kutofautiana kwa herufi chache ziandikwe kwenye mwongozo, moja moja, kwamba lazima ziwe sahihi.

Hatua ya tatu: mezani

1. Hesabu karatasi za kila bahasha mbele ya mwenzako, linganisha na idadi ya waliohudhuria, saini. Karatasi ikipungua, simamisha hapo hapo.
2. Watahiniwa watambulike kwa namba tu. Vitita vibadilishwe ili asiwepo anayesahihisha shule yake: za Kaisho zisahihishwe na walimu wa Isingiro, za Nyaishozi na wa Bugene.
3. Gawaneni maswali, si karatasi. Mmoja asahihishe swali la 1 la wote, mwingine swali la 2, karatasi ikipita mkono kwa mkono, kama inavyofanyika kwenye mitihani ya Baraza la Mitihani. Kipimo cha swali kinabaki kimoja, na mtoto mmoja hapimwi na hasira ya mtu mmoja.
4. Usitazame alama za swali lililotangulia. Ziandikwe ndani, zihamishiwe juu mwishoni.
5. Changanya vitita kila baada ya muda, ili shule moja isisahihishwe yote ukiwa umechoka.
6. Kiongozi achukue karatasi moja kati ya kila kumi, aisahihishe upya bila kuona alama za kwanza. Swali fupi likitofautiana hata kwa alama 1, au insha kwa alama 2, kitita kizima kirudi kwa aliyekisahihisha.
7. Kila asubuhi, na kila baada ya chakula cha mchana, msahihishaji arudie karatasi moja ya majaribio ili ajue kama ameanza kuwa mkali au mpole.
8. Mwongozo ukibadilishwa siku ya pili, karatasi zote za siku ya kwanza zirudiwe kwa swali hilo. Hakuna mabadiliko ya "kuanzia sasa".
9. Pigeni mstari kwenye nafasi na kurasa zilizoachwa wazi, zisije zikaandikwa baadaye.
10. Kazi ifanyike kituoni, mchana. Karatasi zisipakiwe kwenye bodaboda kwenda kumaliziwa nyumbani kwa taa.

> ONYO: mambo matatu yasiyoamuliwa na msahihishaji peke yake
>
> *Majibu yanayofanana.* Ukiona watoto wawili wamekosea kwa maneno yaleyale, sahihisha kama kawaida, andika namba zao na swali, mpe kiongozi. Usiweke sifuri. Huenda walifundishwa kosa hilo na mwalimu mmoja.
>
> *Maombi.* "Mwalimu nisaidie, mama alikuwa anaumwa." Alama hutolewa kwa jibu. Ujumbe wenyewe umfikie mwalimu mkuu wa shule yake baada ya kazi, kwa sababu huenda mtoto ana shida ya kweli.
>
> *Simu.* Mkuu wa shule, mzazi au diwani akikupigia kuulizia karatasi fulani, kata mazungumzo na umjulishe kiongozi siku hiyo hiyo, hata kama hukufanya lolote.

Kujumlisha: hapa ndipo alama nyingi hupotea kimyakimya

Unaweza kusahihisha kwa haki kamili kisha ukamnyima mtoto alama 10 kwa kuandika 34 badala ya 44. Anayejumlisha asiwe aliyesahihisha. Ajumlishe kutoka juu kwenda chini, na mwingine kutoka chini kwenda juu. Mhakiki afungue kila ukurasa, ukiwemo wa nyongeza uliofungwa kwa uzi, kuona kama kuna jibu lisilo na tiki wala kosa. Alama zikinakiliwa kwenye fomu, mmoja asome namba ya mtahiniwa na alama kwa sauti, mwingine aandike, kisha wabadilishane na kurudia.

Madaraja yasiguse alama

Mwaka 2013 nchi nzima ilijifunza tofauti ya alama na daraja. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mtihani wa 2012 yalitangazwa Februari, na zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata daraja la sifuri, takribani 6 kati ya kila 10. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, ikaongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei serikali ikalieleza Bunge kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya. Watoto hawakurudi chumba cha mtihani. Majibu yalibaki yaleyale, kikabadilika kipimo cha kuyapanga.

Kwa kituo chako maana yake ni hii. Mipaka ya madaraja ijulikane kabla bahasha haijafunguliwa, na iwe ile ya Baraza, si ya kubuni: kwa Darasa la Saba, kila somo likiwa na alama 50, A ni 41 hadi 50 na E ni 0 hadi 10, kwa Kidato cha Nne A huanzia 75, C huanzia 45, na F ni 0 hadi 29. Mkiona wengi wamefeli, msiongeze alama kwenye karatasi. Toeni alama zilivyo, na muandike kwenye taarifa kwamba mtihani ulikuwa mgumu na ni maswali yapi.

Vipi kuhusu yule mwenye 29? Huruma itakwambia umtafutie moja. Fanyeni hivi: karatasi zote zilizo alama moja chini au alama moja juu ya mpaka zisomwe upya na mtu wa pili. Mkizisoma za chini pekee mtakuwa mnawapandisha watu tu. Wa 29 na wa 30 wana haki ileile ya kusomwa tena, na wote wawili waweza kubaki walipo.

> ORODHA YA KIONGOZI WA JOPO KABLA YA KUFUNGA KITUO
>
> ☐ Nakala moja ya mwongozo, yenye mabadiliko yote na tarehe, imehifadhiwa
> ☐ Idadi ya karatasi zilizoingia inalingana na zilizotoka
> ☐ Karatasi moja kati ya kumi imehakikiwa, na vitita vilivyorudishwa vimerudiwa
> ☐ Majumlisho yote yana saini mbili
> ☐ Karatasi zilizo mpakani mwa madaraja zimesomwa na mtu wa pili
> ☐ Mtahiniwa mwenye uoni hafifu au mahitaji mengine amesahihishwa kwa utaratibu uliokubaliwa, na si kwa kuhurumiwa
> ☐ Taarifa ya maswali yaliyowashinda wengi imeandikwa kwa ajili ya shule

Karatasi zirudi kwa watoto

Mtihani wa Taifa haurudi, lakini wa ujirani mwema na moko hurudi, na usiporudi darasani kazi yote imeishia kwenye orodha ya kubandika ukutani. Rudisha ndani ya wiki moja, pamoja na mwongozo wa kusahihisha, na uwaonyeshe alama zilipotoka. Watoto wakiuona mwongozo hujifunza kujibu neno la swali: *taja*, *eleza*, *onyesha njia*.

Watakaolalamika watakuja. Wapokee hivi:

1. Mtoto au mzazi aonyeshe swali na mstari anaouzungumzia. "Mwanangu hawezi kupata hii" si malalamiko ya kusahihisha.
2. Soma jibu pamoja naye huku mwongozo ukiwa wazi mezani.
3. Kama mwongozo umefuatwa, mweleze kanuni hiyo na useme kwamba wote walipimwa nayo.
4. Kama mwongozo umekosea, mjulishe kiongozi wa jopo, kwa sababu watoto wa shule nyingine walioandika jibu hilo nao wamepunjwa.
5. Kama ni kosa la kujumlisha au kunakili, sahihisha siku hiyo hiyo kwenye karatasi, kwenye fomu ya alama na kwenye ripoti ya mzazi. Weka saini kila mahali ulipobadilisha.